Juu ya Neno "Haiungui"

Miaka michache iliyopita nilinunua katika duka moja la mjini Nairobi waya wa kurefushia umeme, wa namna ile yenye soketi nne juu ya kibao cha plastiki nyeupe. Kijana aliyekuwa akiuza alikuwa mtu wa adabu. Alikigonga kibao kwa ukucha, akasema, "Hii haiungui, mzee." Nikamwuliza, "Haiungui katika joto la kadiri gani, mwanangu?" Akacheka kama mtu aliyeulizwa maji yana rangi gani, akanijibu, "Mzee, haiungui ni haiungui." Nikalipa, nikaenda zangu.

Miezi minane baadaye soketi moja ililegea. Birika la umeme lilipochomekwa humo, shaba iliyogusana vibaya na shaba ilipata moto, na plastiki ikaanza kulainika kama mshumaa uliosahauliwa juani. Mwali haukutokea, kwa hiyo siwezi kusema kwamba kijana yule alinidanganya moja kwa moja. Lakini ilipofika jioni kibao kilikuwa kimebonyea na kupata weusi, na mahali palipokuwa na ukuta wa plastiki juu ya waya palibaki tundu ambalo kidole cha mtoto kingepita. Plastiki haikuwaka, iliyeyuka. Na mtoto ashikaye waya ulio wazi hapati faida yoyote kwa kuelezwa kwamba kifuniko chake hakikuwaka.

Tangu siku ile nimekuwa na ugomvi na neno "haiungui", na katika kurasa hizi nataka kulishitaki mbele ya wasomaji vijana, ambao baadhi yao watakuwa mafundi, wakaguzi na wafanya biashara wa nchi hii. Silishitaki duka wala kijana. Yeye alilipokea neno kutoka kwa aliyemwuzia, na huyo kutoka kwa mwingine.

Lugha yetu si maskini katika jambo hili. Wazee wetu waliishi na moto jikoni na shambani, wakalipa kila tendo lake jina lake. Kitu hupata moto, hulegea, huyeyuka, hubabuka, hufuka moshi, hushika moto, huwaka, huungua, huteketea. Hivyo ni vitenzi tisa, na kila kimoja ni swali mbalimbali la kumwuliza muuzaji. Kitu chaweza kushinda katika swali moja na kushindwa vibaya katika la pili. Tazama plastiki iitwayo PVC, ambayo hufunika nyaya nyingi za nyumbani. Katika hali yake halisi, kabla haijatiwa vilainisho, zaidi ya nusu ya uzito wake ni klorini, na kwa sababu hiyo haishiki moto upesi. Hapo yastahili sifa. Lakini waya wa kawaida wenye ngozi ya PVC hupimiwa kufanya kazi katika joto la nyuzi 70 tu za sentigredi, joto ambalo maji ya chai hulipita kabla hayajachemka. Na PVC hiyo ikitupwa ndani ya moto wa kitu kingine hutoa gesi ya haidrojeni kloraidi, ambayo ikikutana na unyevu wa macho na mapafu hugeuka asidi kali. Je, PVC yaungua au haiungui? Aliyeuliza hivyo bado hajauliza kitu.

Yafaa tujue plastiki huzuiwaje isiwake, maana neno la uongo hupenda kujificha mahali ambapo watu hawajui kazi inavyofanyika. Plastiki nyingi ni watoto wa mafuta ya petroli. Kipande cha plastiki kikipata joto la kutosha huvunjika ndani yake kikatoa mvuke, na mvuke huo uchanganyikapo na hewa ndio unaowaka. Kisha mwali hurudisha joto kwenye kipande, mvuke mwingine ukatoka, na mzunguko ukaendelea. Wanakemia wamejifunza kuukata mzunguko huo mahali mbalimbali. Wengine huchanganya plastiki na unga wa alumini haidroksaidi, ambao ukifikia nyuzi 200 hivi huvunjika ukatoa maji, zaidi ya theluthi ya uzito wake, kama kwamba plastiki inatoka jasho la kujipoza. Wengine hutia misombo ya bromini, ambayo hupanda pamoja na mvuke na kuuvunja mwali humo humo hewani. Wengine hutumia fosforasi, ambayo huufanya uso wa plastiki ugeuke gamba la mkaa, na gamba likaifunika sehemu iliyo chini yake. Hizi ni kazi za akili nyingi, nami nazistahi. Lakini angalia: maji yaliyomo katika unga yakiisha yameisha. Bromini ikimalizika imemalizika. Gamba likipasuka, mwali hupita katika ufa. Kila dawa ya namna hii ni askari aliyepewa risasi za kuhesabu. Aweza kumchelewesha adui mpaka watu watoke nyumbani, na hilo ni jambo kubwa; hawezi kuahidi kwamba adui hatapita kamwe.

Hata hewa yenyewe ni sehemu ya jibu. Hewa tunayovuta ina oksijeni kiasi cha asilimia 21. Plastiki ya mifuko na ndoo, yaani polithini, yaweza kuendelea kuwaka hata oksijeni ikipungua kufikia asilimia 18 hivi, na ndiyo maana huwaka vizuri hewani. PVC ngumu huhitaji karibu asilimia 45, na ndiyo maana hewani huzimika. Badili hewa, umebadili sifa ya kitu. Tarehe 27 Januari 1967 wanaanga watatu wa Marekani, Grissom, White na Chaffee, walikufa wakiwa chini ardhini katika jaribio la chombo cha Apollo, kwa sababu chumba kilijazwa oksijeni tupu, na nailoni na vitu vingine ambavyo katika hewa ya kawaida huwaka kwa uvivu viliwaka humo kwa ghadhabu.

Sasa tuje kwenye jaribio lenyewe, kwa kuwa wauzaji wakibanwa hutoa cheti. Liko jaribio moja la Kimarekani lijulikanalo duniani kote kwa jina la UL 94. Ufito mwembamba wa plastiki, wenye urefu wa milimita 125 na upana wa milimita 13, huning'inizwa wima. Mwali mdogo wa milimita 20, yaani kama upana wa kidole gumba, huwekwa chini yake kwa sekunde 10, ukaondolewa. Kisha huwekwa tena sekunde 10. Ufito ukizimika ndani ya sekunde 10 kila mara, usidondoshe matone ya moto, na ukitimiza masharti mengine machache, hupewa daraja la V-0, lililo la heshima. Jaribio hilo ni zuri kwa kazi yake. Lajibu swali hili: cheche ndogo ikiruka ndani ya redio au ndani ya swichi, je, kifuniko kitaukuza moto au kitauacha ufe? Halikusudiwi kujibu kitatokea nini pazia, kiti na dari vikiwaka pamoja. Mtu achukuaye cheti cha mwali wa kidole gumba akakionyesha kana kwamba ni cheti cha nyumba nzima, huyo amesema uongo kwa karatasi ya kweli, na uongo wa namna hiyo ndio mgumu kuushika.

Wala mimi si wa kwanza kulalamika. Katika mwaka 1973 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia haki katika biashara iliwashitaki watengenezaji 26 wa plastiki za povu, pamoja na chama cha viwanda vya plastiki na shirika lililotunga majaribio, kwa sababu waliziuza plastiki hizo kwa maneno "haiwaki" na "hujizima yenyewe", hali ndani ya majengo zilikuwa zikiwaka kwa nguvu ya kutisha. Mwaka uliofuata pande mbili zilipatana: maneno yale yaachwe, wanunuzi waonywe, na fedha zitolewe kwa uchunguzi. Kwa hiyo neno ambalo lilifikishwa mbele ya mashitaka Marekani zaidi ya miaka 50 iliyopita lingali likitembea katika maduka yetu bila aibu. Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Wapo watakaonisikia hapa wakafurahi, wakasema: "Ndiyo, plastiki ni takataka. Turudi kwenye chuma, chuma hakidanganyi." Hawa nao sina budi kuwapinga. Nenda Kamukunji, utazame mafundi wakikunja bati kuwa jiko la makaa. Jiko hilo likitumiwa kila siku, chuma chake huambuka magamba mekundu na meusi mpaka kitako kitoboke. Chuma hakikuwaka, hakikuyeyuka, kililiwa. Oksijeni hukila chuma chenye moto, na gamba linalotokea halishikamani, huanguka, na kuacha uso mpya uliwe tena. Nao chuma cha pua, ambacho ni mifupa ya majumba ya ghorofa, huyeyuka kwa nyuzi 1,500 hivi, na watu wengi husikia tarakimu hiyo wakalala usingizi. Hawaambiwi kwamba kikifika nyuzi 600 kinabakiwa na nusu tu ya nguvu yake, au pungufu, na kwamba chumba kilichoshika moto barabara hupita joto hilo. Alumini huyeyuka kwa nyuzi 660, na nguvu zake humtoka mbali kabla ya hapo. Neno "hakiyeyuki" juu ya mhimili wa chuma ni ndugu wa tumbo moja na neno "haiungui" juu ya soketi.

Hata hivyo katika dunia ya metali wako watu wa kuigwa, nao ni wale wanaotengeneza aloi za kustahimili joto. Mmarekani Albert Marsh alipata hataza mwaka 1906 kwa waya uliochanganywa nikeli na kromi, kwa kadiri ya sehemu nane kwa mbili. Waya huo ndio babu wa nyaya zinazong'aa nyekundu katika jiko la umeme na mashine ya kuokea mkate. Siri yake ni kinyume cha jiko la Kamukunji: kromi hushikana na oksijeni ikafanya ngozi nyembamba sana inayong'ang'ania, na ngozi hiyo huizuia oksijeni isiingie ndani zaidi. Kutu ya chuma humla mwenyewe. Kutu ya kromi humlinda.

Baadaye ikaja injini ya ndege isiyo na rafadha. Mwingereza Frank Whittle aliiwasha injini yake ya kwanza mwaka 1937, na ndege ya kwanza ya Uingereza yenye injini yake iliruka tarehe 15 Mei 1941. Taabu kubwa ilikuwa mapanga madogo ya tabo, ambayo huzunguka kwa kasi kubwa huku hewa ya moto ikiyapiga usoni. Chuma cha kawaida hakikufaa. Chuma chenye moto kinachovutwa mfululizo hutambaa, yaani hurefuka unywele kwa unywele, saa kwa saa, ingawa mzigo haukuongezwa, mpaka panga liguse ukuta wa injini au likatike. Waingereza wakatengeneza aloi za nikeli na kromi zilizotiwa titani na alumini kidogo, wakaziita Nimonic, na kutoka ukoo huo zimezaliwa aloi za injini za leo. Katika injini kubwa za leo hewa inayoingia kwenye tabo huzidi nyuzi 1,500, moto ambao ungeyeyusha panga lenyewe. Panga huponea kwa sababu limetobolewa njia nyembamba ndani ambamo hewa baridi zaidi hupitishwa, na nje limepakwa ngozi ya kauri.

Lakini kilichonivuta kuwataja watu hao ni namna yao ya kusema. Mtengeneza aloi haandiki popote "haiyeyuki". Huandika: katika joto hili, chini ya mzigo huu, kwa saa hizi, itarefuka kiasi hiki, na baada ya hapo itolewe, iwekwe mpya. Ndege ya Concorde, iliyoruka kwanza mwaka 1969 na kustaafishwa mwaka 2003, ilijengwa hasa kwa aloi ya alumini, na kwa kuwa aloi hiyo haikuweza kuvumilia joto kubwa kwa maelfu ya saa, joto la pua ya ndege liliwekewa mpaka wa nyuzi 127. Rubani aliuona mpaka huo mbele yake katika saa ya kipimo. Ndege iliyopita mara mbili ya mwendo wa sauti ilikubali kufungwa kamba na tarakimu inayozidi kidogo tu joto la birika linalochemka, wala hakuna aliyeona haya. Basi kwa nini soketi ya shilingi mia chache ione haya kuitaja yake?

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba rubani amesoma, na mama anayenunua soketi hakusoma; tarakimu zitamchanganya; apewe neno moja jepesi atosheke. Hoja hii huvaa nguo ya huruma, lakini ndani yake ni dharau. Mama huyo huyo hanunui sukari kwa kuambiwa "ni nyingi". Huuliza ni kilo ngapi, na mizani ikimtia shaka huidai ipimwe tena. Dawa ya mtoto huipima kwa kijiko na kwa saa. Tarakimu hazikuwahi kumshinda pale zilipowekwa wazi na kwa lugha aijuayo. Kinachomshinda ni kutafuta tarakimu ambayo imefichwa.

Tena nitajibiwa na mtu wa upande mwingine kabisa, mwenye bidii, kwamba kama plastiki zina hatari basi dawa za kuchelewesha moto zitiwe katika kila kitu, tangu soketi mpaka shuka. Huyu namwomba asome habari tatu. Katika miaka ya 1970 nguo za kulalia za watoto wa Marekani zilitiwa dawa iitwayo Tris. Ikaonekana kwamba dawa hiyo huweza kuharibu mbegu za urithi na kuleta saratani, na mwaka 1977 serikali ikatoa amri ya kuipiga marufuku. Watoto walikuwa wamekwisha kulala nayo miaka kadhaa. Habari ya pili ni ya Michigan, mwaka 1973. Kiwanda kimoja kilitengeneza dawa ya bromini ya kuchelewesha moto kwa jina la Firemaster, na pia chakula cha nyongeza cha ng'ombe kwa jina la Nutrimaster. Magunia yakachanganyika. Firemaster ikasagwa pamoja na chakula cha mifugo, na kabla kosa halijajulikana watu walikuwa wamekula nyama na kunywa maziwa. Ng'ombe wapatao 30,000 na kuku zaidi ya milioni moja waliangamizwa. Silaumu bromini tu katika kisa hicho. Nalaumu pia majina mawili yaliyofanana kama pacha. Ya tatu ni kwamba dawa kadhaa za bromini zilizosifiwa sana zimeonekana kuwa hazivunjiki upesi katika ardhi na maji, na hujikusanya katika miili ya viumbe. Mkataba wa Stockholm, ambao Kenya ni mwanachama wake, ulianza kuziandika katika orodha ya sumu za kuondolewa duniani mwaka 2009, ukaongeza nyingine mwaka 2017.

Hukumu yangu ni kwamba dawa ikae mahali penye cheche: ndani ya swichi, soketi na vifuniko vya mashine za umeme. Katika kiti na nguo tutafute kwanza njia nyingine. Jimbo la California, ambalo kwa karibu miaka 40 lilitaka povu la viti lishinde mwali wazi, na hivyo likasababisha povu kujazwa dawa, lilibadili kanuni mwaka 2013. Sasa hupimwa kama kiti kitafuka kwa sigara iliyoangushwa juu yake, na kitambaa kizuri kinachofunika povu chatosha kushinda bila dawa.

Kama kuna msomaji anayefikiri kwamba nagombana na neno tu, na amkumbuke Grenfell. Usiku wa tarehe 14 Juni 2017, katika jumba la ghorofa 24 mjini London, moto ulianza katika friji kwenye ghorofa ya nne. Moto wa friji moja ulikuwa ufe katika jiko moja. Lakini jumba lilikuwa limevikwa nje mabamba mazuri ya alumini yenye moyo wa polithini, ile ile ya ndoo na mifuko, na moto ukapanda mabamba hayo mpaka juu. Walikufa watu 72. Hapa metali na plastiki zilikutana: ngozi ya alumini iliwafanya watu waone chuma, na ndani mlikuwa na mafuta yaliyoganda. Uchunguzi wa serikali uliomalizika mwaka 2024 ulisema wazi kwamba waliotengeneza na kuuza mabamba hayo na vifaa vya kuzuia joto walitumia udanganyifu wa kupangwa, wakiyachezea majaribio na kuupotosha umma. Majengo hayakukosa vyeti. Vyeti vilikuwapo.

Nchi yetu pia imezika wanafunzi waliofia mabwenini: 67 wa Kyanguli mwaka 2001, na 21 wa Endarasha mwaka 2024. Sisemi kwamba magodoro ndiyo yaliyowasha mioto hiyo. Mioto ina vyanzo vyake, na madirisha ya vyuma na milango iliyofungwa ina kesi yake peke yake. Lakini wewe usomaye kitabu hiki huenda leo usiku utalala juu ya godoro la povu la polyurethani, na povu hilo likiwaka hutoa moshi wenye kaboni monoksaidi na sianidi, ambao huwahi kumwangusha mtu kabla mwali haujamfikia. Je, limeandikwa nini? Ligeuze ulitazame. Pengine utakuta jina la kiwanda, picha ya ua, na idadi ya miaka ya dhamana. Je, limepimwa kwa sigara au kwa mwali? Hufuka kwa dakika ngapi kabla ya kuwaka? Anayelinunua kwa mamia kwa ajili ya bweni ana haki ya kujibiwa, na asipojibiwa ana wajibu wa kutolinunua.

Ninachodai si kikubwa. Kila kifaa cha umeme na kila godoro vichapwe, kwa Kiswahili, mambo matatu: joto ambalo kisipitishwe, jina la jaribio kilichofanyiwa, na ukubwa wa moto uliotumiwa katika jaribio hilo. Neno "haiungui" na lifutwe. Mahali pake pawe "huchelewa kushika moto", na tarakimu iandikwe kando yake.

Nilirudi katika duka lile kununua waya mwingine. Kijana alinikumbuka. Safari hii hakugonga kibao. Alikigeuza, akakisogeza kwenye mwanga wa mlango, akasoma kwa taabu herufi ndogo zilizopigwa chini yake: ampea 13, volti 250. Akakigeuza tena na tena, akafungua sanduku kilimotoka, akalisoma pande zote sita. Juu ya joto hapakuwa na neno. "Mzee," akasema, "hawakuandika." Nikamwomba amwulize aliyemwuzia. Akachukua kalamu, akaandika swali langu nyuma ya stakabadhi.